Karoti za Harusi ya Zebo

Basi, Tursunali wa mji wa Margilan, yule mwenye masikio makubwa, alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Zebo. Kwao, siku moja kabla ya pilau ya harusi, wanaume wa mtaa huja kukata karoti za kutia humo, na heshima ya mtu huonekana kwenye lile fungu la karoti. La Tursunali lilikuwa dogo. Dogo kweli, mbuzi angelimaliza na asishibe.

Si kwamba mzee hakutaka kubwa. Alishaazimia kuuza ng'ombe. Mkewe, Oyimcha, ndiye aliyemkatalia. Kila akimmiminia chai anamwambia anyooshe miguu mpaka blanketi linapoishia, asizidishe. Mwisho mzee akakubali, ila roho inamdunda: Zebo ataingia kwa wakwe akichekwa?

Wanaume wakaja na visu vyao, wakakaa uani. Chai haijapoa, karoti zimekwisha. Mamasoli, jirani yake na mtani wake tangu utotoni, akafuta kisu taratibu.

"Tursunali, hizi si ndizo za kuonja? Za harusi ziko wapi?"

Ua mzima ukacheka. Masikio ya mzee yakawaka moto. Uongo ulishamfika mdomoni, aseme gari la karoti limeharibika njiani. Mara akamwona Zebo dirishani, hatabasamu tena, anamsikiliza baba yake.

"Ndizo hizohizo, ndugu yangu," akasema. "Mimi nimenyoosha miguu mpaka blanketi langu lilipoishia. Wewe ulipomwoza mkubwa wako uliinyoosha mpaka barabarani, na mpaka leo vidole vinapigwa baridi."

Loo, walicheka mpaka kofia ya mtu ikadondokea kwenye karoti. Mamasoli ndiye aliyecheka kuliko wote, maana deni la harusi ile nani asiyelijua? Akifuta machozi, akatamka mbele ya watu kuwa mwanawe wa pili anaoa pamba ikishavunwa, na yeye atapika sufuria moja tu, basi.

Mke wa Mamasoli, aliyekuja kusaidia kupika, akasikika kutoka jikoni: "Nyie wote mashahidi, asije akageuka."

Kazi imekwisha na jua bado liko juu, mtu akaleta dufu. Tursunali na magoti yake mabovu akacheza na Mamasoli, mabega yanatikisika, na Zebo kule dirishani anacheka mpaka anajifunika uso kwa pazia. Kesho yake wakwe walikula ile pilau, wakalamba vidole.