Maharage ya Alphonce

Kwa miaka miwili Winfrida hakuthubutu kufungua debe la maharage lililokuwa kwenye kona ya chumba. Yalikuwa ya mwanawe Alphonce, mavuno yake ya mwisho pale Sepuka. Aliyapiga na kuyapeta mwenyewe, kisha akaenda kuchimba dhahabu upande wa Shelui. Hakumaliza mwezi. Shimo lilimfukia, wakamtoa siku ya tatu.

Jumamosi moja, akifagia, Winfrida aliona ungaunga chini ya debe. Akalifungua. Maharage yalikuwa yamebunguliwa.

"Yakikaa tena, yataisha yote," alisema Lazaro, mumewe. "Yapike, Mama Alphonce. Tule tu."

Winfrida aliyamwaga kwenye ungo, akachambua mpaka jua likazama. Karibu kila punje ilikuwa na tundu. Alipata mabakuli mawili tu ya kupika, na ya mbegu hakupata hata kiganja. Akayaosha, akayaloweka.

Kesho yake, walipotoka kanisani, alimwaga maji ya kulowekea, akainjika sufuria mafigani. Chumvi hakutia, maana ingeyakaza. Aliandaa kitunguu na karanga za kusaga, akakaa kuchochea moto.

Saa tisa alichota punje chache, akazibonyeza. Ngumu. Akaongeza maji ya moto. Saa kumi akatia magadi. Povu likapanda, mchuzi ukawa mweusi, maganda yakaanza kubanduka, lakini ndani maharage yalibaki kama kokoto. Kuni alizoleta za wiki nzima ziliisha, akaanza kuvunja miti ya uzio wa zizi.

"Yamezeeka," Lazaro alisema taratibu. "Maharage yakikaa sana hayaivi tena. Acha."

"Yataiva."

Jua lilipokuwa linazama, Lazaro alisonga ugali mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Winfrida akapakua maharage bila kuyaunga. Lazaro alitia mdomoni, akatafuna. Sauti ya punje ikivunjika menoni mwake ilisikika.

"Yanalika," alisema.

"Usinidanganye, Baba Alphonce."

Winfrida alikuwa akiitazama sahani ya maharage.

"Siku ile kabla hajaondoka aliniomba nimpikie haya," alisema. "Yalikuwa mapya, yangeiva upesi tu. Nikamwambia nimechoka, nitampikia akirudi. Nikampa ugali na mlenda. Alikula, akanishukuru."

Lazaro hakuwa amelijua hilo. Kumwambia mkewe si kosa lake angeweza, lakini alijua hataaminiwa. Akachota tena maharage, akatafuna, akameza kwa shida, akachota tena.

"Acha kula," Winfrida alisema.

Hakuacha. Basi Winfrida akamnyang'anya sahani, akaibeba pamoja na sufuria, akaenda kumwaga maharage yote nyuma ya nyumba. Kuku waliokuwa wakielekea kulala walikimbilia, wakadonoa mara mbili tatu, wakaondoka.

Winfrida alikaa chini palepale, sufuria mapajani. Mvuke wa maharage uliendelea kupanda kutoka kwenye vumbi, ukapungua, ukaisha. Lazaro alimwita aingie ndani. Akamwita tena. Hakuitika, naye Lazaro hakuwa na nguvu ya kwenda kumwinua.