Kura Mia na Kumi na Tano za Louisville

Kwa miaka minne mfululizo Zihindula alikuwa profesa wa siasa za Naijeria, ingawa hakuwahi kukanyaga Naijeria wala kusoma chuo chochote. Darasa lake lilikuwa chumba cha kulia cha ghala moja la vyakula vya barafu huko Lackawanna, Marekani, jirani na Buffalo, na mwanafunzi wake alikuwa mmoja tu, Osagie, dereva wa forklifti kutoka jimbo la Edo, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Kila saa sita mchana Osagie alifungua bakuli lake la wali, na Zihindula alifungua simu yake.

"Ona mheshimiwa wenu huyu," alisema kwa Kiingereza chake cha ghala kilichojaa Kifaransa. "Wanamkamata, wanamwachilia, anarudi kwao, watu wa kabila yake wanamupokea na ngoma. Bon, unielezee. Mwizi anapokelewa na ngoma?"

"Ni mwizi wao," alijibu Osagie, akaendelea kutafuna.

"Ile ndiyo inaua Afrika! Mtu haulizi nani anafaa, anauliza nani ni wetu. Siye Wakongomani tuko na matatizo yetu, sikatae. Lakini ninyi mumezidi."

Osagie alimaliza wali, akafuta kijiko, akarudi kwenye forklifti yake. Hakuwahi kubisha, na Zihindula alichukulia kimya hicho kuwa ni kukubali kushindwa.

Sifa ya mtu anayechukia wizi wa kura haikai ndani ya ghala. Ilifika mpaka kwenye Umoja wa Wana-Kivu wa Miji Mitatu, yaani Buffalo, Columbus na Louisville. Mwenyekiti wao wa zamani alipohamia Texas bila hata kuaga, wanachama walitaka uchaguzi safi, wakamfanya Zihindula rais wa tume. Alinunua koti jipya. Katika hotuba ya kukubali alitaja Naijeria mara sita.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Nyirabeza, mama wa milima ya Minembwe, ambaye kwa miaka saba alikuwa akipeleka watu hospitali kwa gari lake bovu, akawatafsiria barua za shule na kukaa nao mahakamani. Précieuse, binti wa Zihindula, alipopasuliwa tumbo, ni Nyirabeza aliyesimama kati ya daktari na wazazi tangu asubuhi hadi jioni, bila kula. Wa pili alikuwa Birindwa, Mshi kwa kabila, wa Walungu kama Zihindula mwenyewe. Birindwa hakuwa amempeleka mtu yeyote popote, lakini alikuwa msimamizi pale ghalani, na ndiye aliyepanga nani afanye kazi mchana na nani usiku, nani akae mapokezi na nani aingie kwenye friza, alikokuwa Zihindula.

Jumapili moja baada ya misa, Birindwa alifika nyumbani kwa Zihindula akiwa na wazee wawili wa kwao. Walikunywa chai, wakaulizia afya ya mama yake huko Walungu, wakasifu pazia. Kisha mzee mmoja akakohoa.

"Zihindula, mwana wetu. Hatuko tunakuomba uibe. Tunakuomba tu usisahau fasi ulitoka."

"Tume haina kabila, muzee," alisema Zihindula.

"Hakuna aliyesema kabila. Tunasema nyumba. Ule mama wa kule juu, tunamheshimu sana. Lakini akishika umoja, siye tutakuwa nani?"

Birindwa hakusema kitu juu ya uchaguzi. Aliposimama kuvaa kofia, alisema kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Kuna nafasi ya mapokezi inafunguka mwezi wa nne. Kazi ya mchana. Fasi ya kukaa, na joto iko."

Kavugho, mke wa Zihindula, alikuwa akikusanya vikombe. Yeye ni Mnande wa Butembo, anahudumia wazee katika nyumba moja ya wasiojiweza, na kazi hiyo ilikuwa imemzoeza kuona uchafu bila kukunja uso.

"Papa Précieuse," alisema wageni walipotoka, "hiyo Naijeria yako iko mbali na hapa?"

Zihindula alimwambia kwamba hayajui mambo ya tume.

Ili asiwepo wa kusema neno, alibuni jambo ambalo wote walilisifu: alimwalika Osagie awe mwangalizi. Mtu wa nje, asiye na shangazi wala mjomba kati yao. Mwangalizi angeweka sahihi chini ya matokeo, na mambo yangekwisha. Osagie alikubali kwa kutikisa kichwa. Siku yenyewe alifika kwenye ukumbi wa kanisa, pale Kensington-Bailey, akiwa amevaa kanzu nyeupe ya kwao iliyopigwa pasi vizuri, na daftari mkononi.

Kura za Buffalo zilihesabiwa mbele ya watu wote, karatasi moja moja. Nyirabeza alipata tisini na saba, Birindwa sitini na moja. Columbus walipiga simu ikawekwa kwenye kipaza sauti: Nyirabeza arobaini na nne, Birindwa arobaini. Watu wa milimani walianza kuimba kwa sauti ya chini. Birindwa, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa akisafisha miwani yake bila haraka yoyote.

Ikabaki Louisville. Msimamizi wa kule alikuwa Nshombo, shemeji yake Birindwa. Simu yake ilisumbua kwa saa moja na nusu. Mara mtandao, mara betri, mara Nshombo amekwenda kununua chakula cha mawakala. Hatimaye ikaja picha ya karatasi. Zihindula aliipokea mezani kwa tume, akaisoma, akaisoma tena. Birindwa, mia na kumi na mbili. Nyirabeza, tatu.

Osagie alikuwa amekaa kando yake. "Louisville mna wanachama wangapi?" aliuliza taratibu.

Zihindula alijua. Orodha ilikuwa chini ya kiwiko chake. Wanachama wa Louisville walikuwa thelathini na sita, na mmoja wao alikuwa amefariki kabla ya Krismasi. Hata kama wote thelathini na sita, pamoja na marehemu, wangempa Birindwa kura zao, asingemfikia yule mama.

"Watu wamejitokeza kwa wingi," alisema Zihindula.

Osagie aliandika kitu kwenye daftari. Karatasi ya matokeo ilipomfikia, aliisukuma irudi ilikotoka.

"Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu," alisema. "Mwaka mmoja walimpa kusimamia kituo cha kura kijijini kwetu. Jioni wakamletea karatasi iliyokwisha kuandikwa, wakamwambia aweke sahihi tu. Aliyeileta alikuwa mtoto wa dada yake, mtoto aliyemlea mwenyewe. Baba alikataa. Wakamhamishia shule moja ya mbali, hata Krismasi hakupata ruhusa ya kuja. Mwaka mzima alitufundisha hesabu kwa barua."

"Pole," alisema Zihindula.

"Yule binamu yangu ana cheo sasa, ni mmoja wa wale waheshimiwa wa kwenye simu yako. Ukimcheka pale kazini, huwa nafurahi. Mimi pia namcheka." Akafunga daftari. "Sitaweka sahihi."

Hapo ndipo Zihindula angeweza kusimama na kusema Louisville haihesabiki. Alisimama kweli, na hakika alikuwa na nia nusu nusu. Lakini alipoinua macho aliwaona wale wazee wawili wamekaa kando ya Birindwa, na mmoja akamtabasamia kama baba anavyomtabasamia mtoto siku ya ubatizo. Goti lake la kushoto, ambalo baridi ya friza ilikuwa imeshaliharibu, lilimuuma. Akasoma matokeo. Akamtangaza Birindwa.

Kisha sauti ikatoka nyuma, sauti aliyoijua kuliko zote.

"Papa rais wa tume," alisema Kavugho, "tusomee pia Louisville kuna wanachama wangapi."

Zihindula akahamia Kifaransa. Alizungumzia taratibu, katiba, hali ya kipekee ya Louisville. Alifika kwenye neno *conjoncture* wakati mtu mmoja alipocheka. Kicheko hicho kikamwambukiza jirani yake, kikaenda mpaka kwa waimbaji, kikawafikia hata Washi wenzake waliokuwa wamempigia Birindwa kura. Précieuse, aliyekuwa amekaa na mama yake, aliuliza kwa Kiingereza kama baba amekosea hesabu. Zihindula alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa viti kurushwa. Kwa kicheko hakuwa amejiandaa kabisa.

Nyirabeza hakucheka. Alichukua funguo za gari, akawauliza mama wawili wazee kama wako tayari kurudi nyumbani, akaondoka nao.

Mwezi wa nne ulifika. Nafasi ya mapokezi alipewa mpwa wa Nshombo, aliyehama Louisville kwa ajili hiyo, kijana aliyeweza kusema kwa uso mkavu kwamba alikuwa amepiga kura nne. Watu wa milimani na Wanande walitoka, wakaunda umoja wao, mwenyekiti Nyirabeza. Washi waliobaki, baada ya kukosa wa kugombana naye, walianza kugombana wenyewe, wa Walungu wakidai wale wa Kabare wanajipendelea. Zihindula alibaki kwenye friza, na sasa alikuwa na skafu mbili.

Hakuzungumza tena juu ya Naijeria. Saa sita alikula akitazama ukuta, na Osagie alikula akimtazama yeye, bila kejeli, jambo ambalo lilimchoma zaidi. Siku ya tisa ya kula hivyo, Zihindula aliweka kijiko chini, akatoka mpaka kwenye maegesho, akashika simu na kurekodi ujumbe wa sauti kwa kundi la umoja.

"Ndugu zangu, ni mimi Zihindula. Louisville ni watu thelathini na sita. Mimi nilijua. Nilikuwa na orodha. Mama Nyirabeza alishinda, na mimi nilidanganya, donc ni mimi, si Nshombo peke yake. Ni hayo."

Dakika nne baadaye aliondolewa kwenye kundi. Wiki iliyofuata Birindwa alimpeleka zamu ya usiku, akieleza kwamba ni mabadiliko ya kawaida. Nyirabeza alimtumia ujumbe mfupi: amesikia, asante, na je, Précieuse alikwenda ile miadi ya daktari wa macho? Zihindula aliusoma akiwa amesimama jikoni. Aliandika jibu mara tatu, akalifuta mara tatu, mwisho akaandika: ndiyo, alikwenda.

Jumamosi alipigiwa simu kutoka Walungu na baba yake mdogo, mzee ambaye hajawahi kuona Buffalo wala friza.

"Nasikia ulituuza," alisema mzee. "Walikulipa nini?"

"Hawakunilipa kitu, baba mdogo. Nilisema tu ukweli."

"Bure?" aliuliza mzee, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Ulituuza bure?"