Ratili za Heriberto

Asubuhi, baada ya kunywa kahawa na kukiosha kikombe, Iluminada Quiñones aliketi kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwake Clark Avenue, Cleveland, akaanza kuzigawa pesa za nyumba. Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Benki ilichukua chake, jiji likachukua chake, na kilichobaki alikitia kwenye bahasha nne. Moja ilikuwa ya lori, moja ya petroli na moteli, moja ya dharura. Ya nne, iliyonona kuliko nyingine zote, aliiandika JIKO. Hiyo ilikuwa ya kupangia kijumba kidogo huko Orlando, chumba kimoja na jiko, asije akalala sebuleni kwa binti yake na kuomba ruhusa ya kuchemsha mbaazi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amepika kwenye jiko la shule, na ofisi ya shule ndiyo iliyokuwa ikimwambia aweke chumvi kiasi gani. Sasa alitaka jiko ambalo akiunguza wali, umeungua wake.

Mumewe, Heriberto, alikuwa sebuleni anatazama besiboli. Alikuwa amefariki miaka minne nyuma, mwezi wa Februari, wakati theluji ilipolikwamisha hata gari la maiti. Walipomaliza kumsalia rozari, usiku wa tisa wa matanga, alirudi, akakaa kwenye kochi lake la kuegemea na tangu hapo hakuinuka ila kwa sababu ya maana. Alikuwa marehemu asiyesumbua. Hakula, hakuomba pesa, hakugombania rimoti. Tatizo lake lilikuwa kikohozi, na hicho alikuwa nacho tangu akiwa hai.

Alikipata Brannock, kiwanda cha kusubu chuma, ambako alisaga na kusugua vyuma vilivyotoka kwenye kalibu mpaka akastaafu, ndani ya vumbi jeusi lililomrudisha nyumbani akiwa macho na meno tu. Daktari wa kampuni alimpima, akaandika kwamba mapafu yameharibiwa na sigara. Heriberto hakuwahi kuvuta sigara. Hata ubani wa kanisani ulimfukuza hadi barazani. Iluminada alikwenda ofisini kwao kudai fidia, akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa apige simu, akapiga. Namba ya ofisi ile aliijua kwa moyo kuliko ya binti yake. Pesa zenyewe alishaacha kuziota. Alichokitaka ni mtu mmoja tu, mwenye muhuri, aandike kwamba kile kilichokuwa kifuani mwa mumewe kilikuwa chuma.

Binti yake, Yaritza, alipiga simu kutoka Orlando kukagua bajeti.

"Mama, friza uiache huko. Ile friza inanizidi umri. Hao wa kuhamisha mizigo wanatoza kwa uzito, unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na meza kubwa?"

"Nimeshamuuzia jirani. Amenipunja, lakini nimeuza."

"Na baba je?"

"Baba yako anakuja."

"Sawa, marehemu hana uzito. Ila lile kochi, mama! Plastiki imechanika mpaka sponji inachungulia. Majirani zangu watasema nini?"

"Waseme. Bila kochi haji, unamjua mwenyewe."

"Namjua," alisema Yaritza. "Kichwa ngumu hata kaburi lilimshindwa."

Siku iliyofuata alikuja mkadiriaji wa kampuni ya kuhamisha mizigo, Bwana Pruitt, mtu mwembamba aliyevaa viatu vya mpira. Kampuni hizo hukisia kwanza kwa macho, kisha bei ya kweli husemwa na mizani, lori likipimwa tupu na baadaye likipimwa na mzigo. Pruitt alipita chumba hadi chumba akitazama kila kitu na kuangalia kitabuni uzito wake. Kitanda, kabati, vyungu, sanamu ya Bikira. Alipofika sebuleni akasimama.

"Na mzee naye anakwenda?"

"Anakwenda."

"Habari za leo, mzee."

Heriberto aliinua mkono bila kuondoa macho kwenye mpira. Pruitt aliandika kochi, ratili sitini, na kwa marehemu akaandika sifuri, kwa kuwa kitabu ndivyo kinavyosema. Aliinama kidogo akaona mbao za sakafu chini ya kochi zimebonyea kama godoro.

"Mchwa," alisema Iluminada.

"Mchwa hao," alikubali Pruitt, akaendelea na bafu.

Lori lilikuja siku ya kuhama likiendeshwa na Wendell Stubbs, na ndani yake wapagazi wawili na mbwa. Kila kitu kilipakiwa kwa wakati isipokuwa kochi. Wapagazi waliliinua, likawashinda. Wendell akaongeza nguvu, likawashinda wote watatu.

"Mzee," alisema Wendell akihema, "samahani, hebu shuka kidogo tubebe kochi peke yake."

Heriberto alishuka. Kochi lilitoka kwa mikono miwili, jepesi. Yeye mwenyewe alitembea nyuma yake polepole, akikohoa, na ngazi za baraza zilipasuka moja baada ya nyingine chini ya viatu vyake. Hakuna aliyelalamika kwa sababu ngazi zilikuwa tayari za mtu mwingine. Alipanda lorini, akakaa mahali pake kati ya kabati na godoro, na lori likainama upande huo.

Mizani ilikuwa nje ya jiji, karibu na barabara kuu. Iluminada alilifuata lori kwa gari lake kuukuu, maana mwenye mzigo ana haki ya kushuhudia ukipimwa, na yeye haki alizobakiwa nazo hakuwa tayari kupoteza hata moja. Kuna madereva ambao wakati wa kupima mzigo huwaacha wapagazi wao walionenepa ndani ya lori, na mteja anailipia minofu ile hadi Florida. Wendell hakuwa wa aina hiyo. Aliwashusha wapagazi, akamshusha na mbwa.

Karani wa mizani, mama mmoja aitwaye Marva, alisoma namba kwenye kioo kibandani mwake, akashika kipaza sauti.

"Umezidi makadirio kwa ratili elfu mbili na ushee. Kuna mtu humo ndani."

"Ni marehemu tu," alijibu Wendell.

"Marehemu naye ashuke."

Heriberto alishuka, na namba ikarudi pale Pruitt alipoikadiria. Marva akaomba lori lisogezwe mbele na mzee asimame peke yake katikati ya mizani, kwenye bamba la chuma ambalo kwa kawaida hubeba matrela. Heriberto akasimama, amevua kofia, kama anapigwa picha ya pasi ya kusafiria.

"Elfu mbili mia moja na arobaini," alisema Marva. "Wa Brannock huyo?"

"Wa Brannock," alisema Iluminada.

"Nilijua. Wa Brannock wote ndivyo walivyo. Juzi nilimpima mmoja anahamia Tampa, yeye hakufika hata elfu moja. Alikuwa msimamizi. Wasimamizi walikuwa wanakaa ofisini."

Iluminada alipiga makofi kwa furaha. Mizani ile ilikuwa ya serikali, na ilikaguliwa kila mwaka. Palepale alitoa simu akapiga ile namba ya moyoni.

Binti aliyepokea, wa ofisi ya wastaafu wa Brannock, alimtambua kwa sauti. "Mama Quiñones! Umeshahama?"

"Bado. Mwanangu, sikiliza. Mume wangu amepimwa kwenye mizani ya malori. Ana zaidi ya ratili elfu mbili za chuma kifuani."

"Pole sana, mama. Lakini faili hapa linasema ni sigara."

"Sigara zina uzito wa tani?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Basi alikuwa mvutaji sana," alisema yule binti, kwa upole wa kweli.

Iluminada alimwambia mambo mawili matatu ambayo hayaandikiki, akakata simu. Wendell alikuwa hajamaliza kahawa yake simu ilipoita. Safari hii alikuwa mwanaume, mwanasheria wa Brannock, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alisema kampuni imepokea taarifa yake na inamshukuru. Kama kweli mzee ana chuma, alisema, basi chuma hicho kimetoka nje ya geti bila kibali, na ni mali ya kampuni. Hawakusudii kumshtaki mtu, hasa marehemu. Wangeomba tu cheti cha mizani kinachotaja chuma, kisha watume gari likakichukue.

"Na mwenye kifua?"

"Chuma hakitenganishiki, mama. Itabidi tuchukue vyote."

"Lakini si mlisema ni sigara?"

"Kiafya ni sigara," alisema mwanasheria. "Kimali ni chuma."

Aliaga kwa adabu na kumtakia safari njema. Iluminada alibaki ameshika simu, na hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kiasi kwamba akaanza kuikunja vizuri leso yake, mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena. Kisha akamwendea Marva dirishani na kumweleza yote, kwa sababu ilibidi amweleze mtu.

Marva alisikiliza huku akipiga muhuri vyeti vya wengine. Hakushangaa. Alisema yule wa Tampa kampuni ilimchukua hivyo hivyo, kwa winchi, mjane akabaki na kofia.

"Sasa dada yangu, mimi lazima niandike aina ya mzigo. Nikiandika chuma, cheti ni chako, unakipeleka popote, hata mahakamani, na mzee anachukuliwa. Nikiandika mtu, mtu marehemu kisheria ni sifuri, na lori haliwezi kutoka hapa na tani nzima iliyoandikwa sifuri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nikiandika samani, hakuna atakayekuuliza kitu hadi Orlando. Ila utalipia kila ratili, na humo hamtakuwa na neno chuma."

Wendell alipiga hesabu ya ratili zilizozidi na kumwonyesha. Iluminada hakuhitaji kufungua bahasha kujua itatoka ipi.

Heriberto alikuwa bado amesimama katikati ya mizani. Masikio yake hayakuwa mabaya, hata baada ya mashine zile zote.

"Mama Yari," alisema. "Niache hapa. Kuna kivuli."

"Nyamaza."

"Au nipunguze kidogo. Subiri."

Akajiinamia, mikono magotini, akaanza kukohoa kwa bidii, kama mtu aliyeamua kumaliza kazi kabla ya king'ora cha jioni. Mchanga mweusi ulimtoka mdomoni na kudondoka kwenye bamba, ukarundikana mbele ya viatu vyake. Alikohoa hadi mbwa wa Wendell akalala chini ya lori. Dereva mwingine aliyekuwa kwenye foleni alizima injini akangoja bila kupiga honi, maana baba yake naye aliwahi kufanya kazi Brannock. Kisha Heriberto akarudi hatua moja nyuma, nje ya rundo, na kuuliza kwa matumaini, "Sasa?"

"Umepunguza ratili tisa, mzee," alisema Marva.

Iluminada alipanda kwenye mizani, namba ikaongezeka kwa uzito wake ambao hakupenda usomwe hadharani, akamfuta mumewe mdomo kwa ile leso. Alimpenda wakati huo kuliko siku ya harusi, na alimkasirikia pia, kwa kuwa alikuwa amekufa na bado anajaribu kumpunguzia gharama.

"Basi, baba. Utajiumiza. Panda lorini."

"Na jiko?"

"Yaritza ana jiko."

"Utagombana naye."

"Nitagombana naye. Panda."

Alirudi dirishani na bahasha ya JIKO. Alimhesabia pesa Wendell, ambaye aliona aibu lakini alipokea kwa sababu lori halikuwa lake, na zilizobaki zingetosha kununua sufuria. Marva aliingiza karatasi kwenye mashine. Kidole chake kilining'inia juu ya vitufe kwa muda, kumpa nafasi ya kubadili mawazo.

"Samani," alisema Iluminada.

"Samani gani? Nikiandika samani tu, wataniuliza. Uzito huu wote kwenye mzigo wa nyumba moja!"

"Kochi."

"La nini?"

Iluminada alifikiri. "La ngozi."

Marva aliandika, akaitoa karatasi, akaipiga muhuri wa serikali, mkubwa, wa bluu, uliolowa vizuri, aina ile ile ambayo Iluminada alikuwa ameingojea miaka minne. Aliusubiri ukauke kabla ya kuikunja.

Mpagazi mmoja alileta ufagio na kuzoa ule mchanga mweusi, akautia kwenye pipa la taka kando ya barabara. Wendell alikwenda nyuma kufunga milango. Iluminada alichungulia ndani kuhakikisha mumewe amekaa sawa, godoro likimkinga upande wa kushoto.

"Wameandika nini?" aliuliza Heriberto.

"Kochi la ngozi."

"Ngozi?" Heriberto alipitisha kiganja kwenye plastiki iliyochanika, akairudisha sponji ndani kwa kidole. "Ngozi ya kweli?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Ina muhuri."

Heriberto aliketi wima zaidi, akavaa kofia yake, na kwa mara ya kwanza tangu afe alionekana mtu aliyelipwa haki yake. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Ukiwa mvumilivu, wanakuandikia."

Iluminada alisema ndiyo, ameona, na Wendell akafunga milango.