Siku Tano za Kumzungusha Mama

Kufikia siku ya nne, Valerie alikuwa amemwonyesha mama yake shimo la almasi la Cullinan, kanisa la mawe la Heidelberg na milima ya Magaliesberg, na bado hakuwa amemwonyesha nyumba anayoishi. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Valerie ilikuwa kilomita mia mbili kila siku, na yeye mwenyewe ndiye dereva.

Mama yake, Orpha, alikuwa ametoka Kisumu kuja huku kusini mwa Afrika, akachukuliwa uwanja wa ndege na kupelekwa moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni kule Kensington, ya kitanda na chai ya asubuhi. Hakulalamika. Kwao Wajaluo, mama halali nyumbani kwa mkwewe, na Valerie aliushikilia mwiko huo kwa mikono miwili. Lakini mwiko unakataza kulala tu, haukatazi kuingia mchana kunywa chai. Na mtu akinywa chai sebuleni kwa Valerie angeiona misumari mitupu ukutani, pale runinga ilipokuwa. Omollo, mumewe, alikuwa ameondoka tangu Februari. Bwana mkubwa alihamia Midrand kwa mwanamke wa ofisini kwao, wala hakuaga vizuri.

Alichoogopa Valerie ni uso wa mama yake. Huyu ndiye aliyepiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, siku ng'ombe wa kina Omollo walipoingia bomani. Angewaambia nini wanawake wa kanisani?

Siku ya tano alifika Kensington kabla ya saa moja asubuhi. Pascasie, Mrundi aliyewapikia wageni, alimpokea mlangoni na sahani ya mayai mkononi.

"Dada, maman yako hajalala. Usiku yote anatembea-tembea mu chumba. Anagonjwa?"

"Ni ugeni wa kitanda tu," Valerie alisema, ingawa yeye pia alikuwa amekesha, akitafuta kwenye simu mji ambao hawajaufikia.

Akaupata Parys. Kila robot, taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu, vidole vyake vilicheza kwenye usukani. Aliusifu mto Vaal kabla hawajauona. Aliyasifu maduka ya vitu vya kale. Mama alitazama tu mashamba ya mahindi yaliyovunwa, na Valerie akazidi kuropoka.

Katika duka la kwanza mama aliketi kwenye kiti cha mbao chenye karatasi ya bei.

"Mama, hicho ni cha kuuzwa."

"Basi wakiuze nikiwa juu yake. Nimechoka kutazama vyombo vya watu waliokufa. Mkwe wangu yu mzima?"

"Mzima, Mama. Ni kazi tu. Eish, benki hawampi nafasi hata ya kupumua."

"Siku tano, Valerie. Omollo ninayemjua mimi angenijia hata na soda moja, anisalimu akiwa amesimama nje."

Valerie alifungua kinywa ataje mji mwingine.

"Leo nalala kwako," mama alisema.

Valerie alishtuka kweli. "Mama! Na mwiko je?"

"Mwiko ni wa nyumba ya mkwe." Mama alimtazama, na uso ule alioukimbia siku zote tano haukuwa na hasira wala aibu. Ulikuwa umechoka kumsubiri. "Kuna mkwe humo ndani?"

Valerie alitikisa kichwa kukana. Kisha akalia, kwa sauti, mbele ya mwenye duka na wateja wake, kama mtu asiyewahi kufunzwa adabu.

Mama alimwacha alie. Alipoona ameanza kutulia, aliinuka, akamnyang'anya ufunguo wa gari, akamfuta mashavu kwa ncha ya leso yake.

"Kaa kwanza upumue," alisema. "Halafu unipeleke nyumbani. Umenizungusha vya kutosha, mwanangu."