Mirija ya Mwalimu Dominiko

Shemeji yangu Dominiko, mwalimu mstaafu, alisikia habari ya koo redioni asubuhi, na kufikia jioni mtaa wetu wote wa Kizwite ulikuwa mgonjwa.

Daktari wa redioni alisema wataalamu bado wanachunguza: bakteria wa fizi zilizooza huenda wakachangia saratani ya koo. Nilikuwepo, napepeta ulezi, nikasikia kwa masikio yangu. Lile “huenda” shemeji alilitema kama kokwa, akabaki na saratani.

Jumapili tulikaa kwenye pombe ya ulezi kama kawaida yetu: chungu katikati, maji ya moto yanaongezwa, mrija mmoja unazunguka mdomo kwa mdomo. Mwalimu akaudaka.

“Mnanyonya saratani!” akafoka. “Mzee Isdori, shikamoo, lakini fizi zako zinatoka damu. Kusukutua hujui?”

Mzee Isdori alifunga mdomo, hakuufungua tena siku ile hata kwa kuaga.

Jumapili iliyofuata Mwalimu akaleta mirija, kila mtu wake, imefungwa nyuzi za rangi. Wake mwekundu, wangu wa njano, wa dada yangu Winifrida, yaani mkewe, wa bluu. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Kusema kweli, kwa habari ya mswaki na mirija hakukosea. Alikosea kumfanya kila anayekohoa kuwa mchafu, na kukohoa Sumbawanga, kwa baridi hii, nani atakwepa? Dada alikaa kando yake, anatabasamu, mrija mdomoni.

Kuosha mirija ikawa kazi yangu, maana mwenye wazo haoshi. Ndipo nikaona: mirija yote ina machicha, wa bluu mkavu. Jumapili nyingine, mkavu tena. Nikamvuta dada jikoni.

“Dada, mbona hunywi? Unatuigizia?”

“Inakwama, mdogo wangu. Ugali niliacha zamani. Sasa hata uji unashuka kwa shida.”

“Na shemeji hajui?”

“Nimwambie nini? Nikitaja koo, atasema sikusukutua. Nitasemwa mbele ya chungu kama mzee Isdori.”

Niliogopa, kisha nikakasirika, na ile hasira ndiyo iliyonipa miguu. Kesho yake nilimwambia shemeji kwamba dada hamezi, nikawapeleka wote wawili hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo. Kabla hajauliza hata jina, Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye bakteria. Yule binti akamsikiliza kwa adabu mpaka pumzi ikamwishia mzungumzaji. Akasema fizi zitaangaliwa, lakini kwanza koo lipimwe, kwa kuwa ugonjwa wa namna hii haujulikani kwa kukisia.

“Sasa, Mwalimu, mama alianza lini kushindwa kumeza?”

Mwalimu akafungua mdomo. Akanitazama mimi, akatazama dari. Nilikuwa nimemsubiri hapo kwa hamu, lakini alipofika nikamwonea huruma.

“Wakati wa kuvuna maharage,” dada akajibu mwenyewe.

“Kabla ya kile kipindi cha redio?” Mwalimu akauliza.

“Kabla.”

Mahubiri yote yale, basi, aliyatoa amekaa bega kwa bega na mgonjwa wake. Akavua kofia, akaishika magotini. Kisha yeye, aliyefundisha habari za koo mtaa mzima, akamgeukia mkewe akamwuliza kwa mara ya kwanza:

“Linauma?”