Hesabu ya Kabla ya Kisu

Jumatatu asubuhi mpima damu alihesabu damu ya kaka yake mara tatu, na mara zote tatu ikamkatalia.

Mashine ilisema chembe nyeupe ni elfu kumi na nne na ushee. Mtu mzima asiye na tatizo huwa nazo kati ya elfu nne na elfu kumi na moja. Akarudia, jibu likawa lile lile. Akapaka tone kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini, na huko ndani akawakuta makuruta. Ndivyo walivyoziita pale maabara zile chembe nyeupe changa ambazo mwili huzitoa mafunzoni kabla hazijaiva, kwa sababu vita imeshaanza mahali na askari wakubwa hawatoshi. Ukiwaona wengi namna ile, ujue kuna uchafu wa vijidudu mwilini. Na yeye alijua ulipo, maana Jumapili alimwona kaka yake akitafuna upande mmoja.

“Jino tu hilo,” kaka mtu alimwambia. “Linakuja, linaondoka. Usije ukaropoka kwa daktari, mdogo wangu. Wakiniahirisha tena nitazikwa nikiwa kwenye foleni.”

Huyo kaka alikuwa mchora mabango, na nusu ya maduka ya mtaa wao yalijulikana kwa mkono wake. Tangu mwaka uanze, mkono huo wa kulia ulikuwa umemtoroka mara tatu. Mara ya kwanza brashi ilianguka akiwa juu ya ngazi, katikati ya neno, na alipoulizwa kulikoni alijibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Robo saa baadaye alikuwa mzima, akacheka. Mara ya tatu hakucheka. Picha zilionyesha mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, ule unaopeleka damu kwenye ubongo, umejaa utando wa mafuta mpaka limebaki tundu la kupitisha kijiti cha kiberiti. Daktari wa mishipa hakumung'unya maneno: siku yoyote kipande kingeng'oka na kupanda juu, na hapo mkono na maneno visingerudi. Ilibidi mshipa upasuliwe, ukwanguliwe, kisha uzibwe kwa kiraka.

Operesheni ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mtambo wa usingizi uligoma, mara ya pili mgonjwa alikuwa na mafua. Ikiahirishwa tena, angengoja wiki sita. Na hospitali nzima ilijua sheria: mwenye uchafu damuni hawekewi kiraka. Kiraka ni mgeni mwilini, hakipitiwi na damu ndani yake, wala askari hawakifikii. Vijidudu vikishakikalia, mwili hauna njia ya kuvifukuza.

Mpima damu hakuwa mtu wa njia za mkato. Alikuwa amefunzwa na mkuu wa maabara waliyempachika jina la Mzee Rudia, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atakwambia urudie kipimo. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Siku ile alitazama mlangoni, akamwona Mzee Rudia amempa mgongo akigombana na friji, akachukua kalamu na kuandika: elfu tisa. Kwenye mstari wa chini akaandika kwamba chembe changa hazikuonekana. Kioo akakitupa kwenye ndoo ya vitu vyenye ncha. Moyoni alijipongeza, akaona kama amemvuta kaka yake kutoka barabarani gari likija.

Jino, alijiambia, lingeng'olewa baadaye.

Jumanne kisu kilipita. Jioni kaka mtu aliinua mkono wa kulia, akawahesabia wauguzi vidole vyake kimoja kimoja, akamwomba mmoja wao amwoe dada yake mpima damu. Wifi, mke wa kaka, alilia kwa furaha mpaka leso ikalowa. Mpima damu naye alicheka. Usiku ule alilala fofofo, usingizi ambao hangeupata tena kwa muda mrefu.

Sasa, kuna jambo ambalo mtu asiyeishi na damu hawezi kulijua. Mwili ukikatwa, haujui kama aliyeukata ni daktari au mwizi. Hupiga kengele zote. Siku ya kwanza chembe nyeupe hupanda kwa kila mgonjwa, hata aliye msafi kama maji ya mvua. Siku ya pili hubaki huko juu. Siku ya tatu huanza kushuka, na madaktari hupumua. Wakati huo huo kuna jamii nyingine ya chembe, zile zinazowakumbuka maadui wa zamani, ambazo hupungua baada ya operesheni, kana kwamba mwili umeshtuka na kuwarudisha walinzi nyumbani. Kwa siku chache lango linabaki wazi. Kwa kawaida hakuna anayepita.

Jumatano damu ya kaka ilisoma elfu kumi na tano. Wodini wakaona sawa: kutoka tisa hadi kumi na tano baada ya kisu, kelele za kawaida. Mpima damu peke yake ndiye aliyejua kwamba hakukuwa na tisa yoyote. Alhamisi ikasoma kumi na saba. Kwenye kioo zile chembe za kumbukumbu zilikuwa zimeadimika, na makuruta wamejazana. Alikaa akiwatazama.

Akafanya kile wanachofanya waoga wenye dhamiri: aliandika “chembe changa nyingi” kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini, akaomba mtu mwingine aelewe bila yeye kusema. Haikupita nusu saa simu ikalia. Alikuwa daktari wa mishipa, mwanamama mwenye sauti ya taratibu.

“Nimeona alama yako nyekundu. Baada ya operesheni hao makuruta wenu huwa wanatokea, si ndiyo?”

“Hutokea, daktari.”

“Homa hana. Kidonda kimevimba, ila kwa siku ya pili sishangai. Niambie kitu kimoja tu. Kwenye ile damu ya kabla, walikuwepo?”

Mzee Rudia alikuwa hatua tatu kutoka pale, anapanga vichupa. Sekunde moja ingetosha kumwaga yote. Mpima damu aliiona ile sekunde ikija, akaiona ikipita.

“Hawakuwepo,” akasema.

“Haya, asante. Basi tutamruhusu kesho mchana.”

Homa hakuwa nayo kwa sababu alikuwa akimezeshwa dawa za maumivu kila baada ya saa sita, na dawa hizo huituliza homa. Hilo nalo mpima damu alilijua. Uongo wa kwanza aliusema kwa mapenzi. Huu wa pili aliusema kwa kujiokoa mwenyewe, na hapakuwa na namna ya kuupamba.

Ijumaa ikasoma elfu kumi na tisa. Siku ya tatu, siku ya kushuka, na damu imepanda. Ndani ya zile chembe mlikuwa na madoa meusi kama masizi, ishara kwamba zinapigana na kushindwa. Alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

“Rudia,” Mzee Rudia akasema bila kugeuka.

“Sirudii, mzee. Ya Jumatatu niliipika.”

Mzee aligeuka polepole. Alimtazama, akatazama hadubini, akaenda akaweka jicho lake. Alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umezeeka.

“Wewe,” alisema. “Wewe wa kunifanyia hivi? Panda wodini sasa hivi. Mengine baadaye.”

Alipanda ngazi mbili mbili. Wodini kaka mtu alikuwa ameshavaa shati la kuendea nyumbani, mifuko imefungwa, anasubiri karatasi ya ruhusa. Aliketi kidevu kimeelekea juu kidogo, kama mtu anayejaribu kola mpya. Chini ya bandeji palikuwa pametuna, ngozi inang'aa, na ule uvimbe ulikuwa ukipiga. Ulikuwa ukiinuka na kushuka pamoja na moyo.

“Shingo inanibana,” alisema, “nadhani wamenishonea ya mtu mwingine.” Akacheka, kisha akaacha kwa sababu ilimuuma.

Daktari alikuwa kwenye meza ya wauguzi, kalamu mkononi. Mpima damu alimwambia kila kitu akiwa amesimama wima, bila kulia: elfu kumi na nne, makuruta, jino, kioo kwenye ndoo, na jibu la kwenye simu. Daktari hakupaza sauti. Aliweka kalamu chini, akaenda kitandani, akaweka vidole viwili juu ya ule uvimbe, akavitoa haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

“Usitikise kichwa,” alimwambia mgonjwa. “Usikohoe. Lala.” Kisha akamvuta mpima damu pembeni. “Kiraka kinaachia. Ungeniambia Jumatatu, ningelitoa jino, ningempa dawa, ningemtafutia nafasi baada ya wiki mbili. Angekuwa hatarini, ndiyo, lakini tungekuwa na njia. Sasa lazima nikitoe. Nitajaribu kuweka kipande cha mshipa wa mguuni mwake mwenyewe. Kikikataa kushika, nitaufunga ule mshipa kabisa, nimwokoe roho.”

“Na mkono?”

“Unajua jibu la hilo. Mkono na maneno.”

Wauguzi wakaanza kukimbia. Mpima damu akarudi kitandani, akashika ukingo wa kitanda.

“Ulijua?” kaka mtu akauliza kwa sauti ndogo.

“Nilijua.”

Alitazama darini. “Na mimi ndiye niliyekwambia usiropoke,” akasema. “Niitie mke wangu. Peke yake.”

Wifi akaingia. Pazia likavutwa, likafunguliwa baada ya dakika mbili, na kitanda kikasukumwa kwa kasi kuelekea chumba cha upasuaji.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, wanawake wawili, tangu saa nane hadi saa kumi na mbili kasorobo. Wifi alishika mkono wa mpima damu muda wote, na kila mlango ulipofunguka aliubana zaidi. Mpima damu aliuacha mkono wake pale, akijiona mwizi.

Daktari alipotoka, kofia ilikuwa imelowa jasho.

“Yu hai,” alisema. “Ule mshipa wa mguuni haukushika. Ilibidi nifunge. Ameshaamka, anawatambua watu. Mkono wa kulia haujibu. Na hasemi. Anajaribu, lakini hayaji.”

Alimtazama mpima damu kidogo, akaondoka zake. Wifi alijipangusa macho kwa kiganja. Kisha akamkumbatia mpima damu, akamng'ang'ania, akasema mdomo ukiwa begani kwake:

“Asante, wifi. Aliniambia pale nyuma ya pazia. Kwamba madaktari walikuwa wanamrudisha nyumbani akafie huko, wewe ndiye uliyeliona tatizo kwenye damu ukaja mbio. Akaniapisha nisisahau kukushukuru. Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.”

Mpima damu alielewa. Kaka yake alikuwa amebakiwa na dakika mbili za kuzungumza maishani mwake, na alizitumia kumfichia aibu. Ilikuwa zawadi, na angeweza kuipokea. Mzee Rudia si mtu wa maneno mengi. Daktari angeandika ripoti yake kwa lugha ambayo wifi asingeisoma kamwe.

“Wifi,” alisema, akajitoa taratibu mikononi mwake. “Kaa kwanza.”

“Nimekaa, mwenzangu. Nini tena?”

Akamweleza. Alianza na Jumatatu, hakuruka kitu, hata ile sekunde ya simu. Wifi alisikiliza bila kupepesa macho. Alipomaliza, wifi aliokota mkoba wake uliokuwa kati yao, akainuka, akatembea mpaka mwisho wa benchi, akaketi huko akiwa ameelekea ukutani.

Muuguzi akafungua mlango, akatokeza kichwa. “Mgonjwa anataka mtu,” alisema. “Anaonyesha kwa mkono wa kushoto, hatumwelewi. Nani aingie?”