Kochi Lisilokata Kushoto

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tusitafute mwingine. Nalisema mapema ili mke wangu akisoma asipate la kuongeza.

Mimi ni fundi makochi. Miaka ishirini na sita nimeinama juu ya fremu za watu, misumari mdomoni, na shukrani nimezipata mgongoni. Tandiko la baiskeli yangu ya kawaida lilinishinda, kiti cha basi kikanishinda pia. Hizo ndizo sababu nilizompa dada yangu mkubwa kila alipopiga simu kuuliza nakwenda lini kumwona. Anakaa kilomita thelathini na tano tu. Nilimwambia mwezi ujao. Huo mwezi ujao ukafikisha miaka minne.

Ndipo nikasikia habari za baiskeli za kulala. Zina magurudumu matatu na kiti cha kujinyoosha. Miguu inatangulia mbele kwenye pedali, na usukani uko ubavuni, mpini mmoja kila upande wa kiti: vuta wa kulia ukate kulia, vuta wa kushoto ukate kushoto. Mtu anasafiri kama anayesoma gazeti sebuleni.

Mwenye akili angezijaribu barabarani. Mwenye duka alinieleza gia, akanieleza breki, akaniambia ipi inafaa safari ndefu na ipi ni ya kuzungukia mtaani. Nilimwomba aniache na viti. Nikavibonyeza kwa ngumi, nikapapasa mishono, nikakalia kimoja baada ya kingine nimefumba macho. Kwenye cha tatu usingizi ukanipitia. Niliposhtuka mwenye duka anafunga milango, nikamwambia nimeshachagua. Akanipa bendera ya rangi ya chungwa kwenye fimbo ndefu, eti madereva wanione. Sikuwa nimegusa pedali hata moja.

Nyumbani nikagundua kiti kina upungufu: hakina mikono. Sasa mtu mzima aweke wapi viwiko vyake? Nikakiundia mikono miwili ya mbao, sponji nene, kitambaa cha maua kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Kwenye mkono wa kushoto nikaongeza kisanduku cha kukalisha chupa ya chai. Nikapiga gundi, kisha skrubu. Kazi yangu haitingishiki.

Mke wangu alikizunguka kile chombo mara mbili. Halafu akatoa sharti. Yeye atatangulia kwa basi hadi kwa wifi yake. Nikiingia ndani ya geti bila kusukumwa na bila mguu kugusa ardhi, baiskeli ni yangu. La sivyo inang'olewa magurudumu, inakuwa kiti cha wateja pale karakana. Nilikubali nikicheka. Kitu chenye magurudumu matatu kinasimama chenyewe. Mguu uguse ardhi kutafuta nini?

Barabara ilikuwa imenyooka na mgongo ukatulia kama mtoto aliyeshiba. Kina mama waliokuwa kituoni waliuliza mgonjwa anapelekwa hospitali gani. Mzee mmoja alivua kofia kwa heshima ya marehemu. Nilipompungia mkono akaivaa upesi na kubadili njia. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai bila kusimama. Haja iliyofuata baada ya chai niliivumilia, nayo ndiyo iliyokuja kuamua kesi.

Nilikata kulia kuingia mtaa wa dada, vizuri kabisa. Nikawaona wao wawili wamesimama getini, upande wa kushoto. Nikavuta mpini wa kushoto. Ukagonga kisanduku cha chai na kukwama hapo hapo.

Nikawasalimia nikapita.

Mtaa ni mwembamba, mitaro kila upande, kugeuka hakuna. Nikazunguka nyumba za upande wa pili kwa kona nne za kulia, nikarudi palepale, na geti bado liko kushoto. Mke wangu akaniuliza kama nimefika. Nikamjibu nimefika mara mbili. Mzunguko wa tatu nikasikia injini nyuma yangu: gari la kujifunzia udereva limeona bendera, likadhani barabara inatengenezwa na mimi ndiye ninayeonyesha njia ya kupita. Mwalimu alikuwa akimsifu mwanafunzi wake kwa kona nzuri. Mzunguko wa nne tulikuwa na lori la matofali na pikipiki mbili. Nilifikiria kukibomoa kile kisanduku, lakini skrubu zile nilizikaza mwenyewe, na bisibisi iko nyumbani.

Nilipofika getini mara ya sita chai ilishinda. Nilifunga breki, nikaruka, nikakimbilia chooni kwa dada na miguu yote miwili juu ya ardhi.

Niliporudi, msafara ulikuwa umetawanyika na mke wangu ameishika bendera kama aliyeshinda vita. Akasema mguu umegusa, tena miwili. Nikamwambia geti ndilo lililowekwa upande mbaya. Nikamkumbusha kwamba nimefika mara sita, na kwamba yeye na basi lake wamefika mara moja tu. Akaniuliza amwite mteja gani aje kukikalia kwanza pale karakana.

Dada muda wote huo alikuwa anafuta vumbi kwenye maua ya kochi langu. Akakikalia kiti, akakibonyeza kwa kiwiko, akatazama kisanduku cha chai, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Wifi," akasema, "magurudumu yaache. Miaka minne alikuwa na baiskeli inayokata kona zote mbili, na hapa kwangu hakuonekana."